Sadaka si Bahati Nasibu

Zilikuwa siku za mbalamwezi, wakati ambapo mitumbwi ya dagaa huvutwa nchi kavu na wavuvi hukaa kivulini wakishona nyavu zao. Katika mwalo mmoja wa visiwa vya Ukerewe nilizungumza na mama mmoja ambaye kazi yake ni kununua dagaa wabichi alfajiri, kuwaanika juani, kuwafungasha katika magunia na kuwasafirisha hadi Mwanza. Ni mjane. Kwa muda wa miaka mitatu alikuwa akidunduliza fedha ili ajenge chanja za kuanikia, kwa maana dagaa wanaoanikwa chini huingia mchanga, na bei yao huwa ya chini. Alikuwa amefikisha shilingi 600,000. Siku nilipomkuta hakuwa na chanja, wala hakuwa na fedha.

Alinieleza kisa chake kwa utulivu. Mhubiri mgeni alikuwa amefika mwaloni pamoja na vipaza sauti vyake, akakaa juma zima. Alifundisha kwamba umaskini ni laana, na kwamba mwenye kutoa kwa imani hurudishiwa mara mia kabla ya mwaka kwisha. Mwenye haja kubwa na apande mbegu kubwa. Mama yule akapanda yote aliyokuwa nayo. Mwaka ukapita. Alipofaulu kumpata mhubiri kwa simu, aliambiwa kwamba mbegu yake ilikuwa njema, ila moyo wake ulikuwa na shaka; ilifaa apande tena.

"Fedha nimekwisha kuzisamehe, baba," aliniambia. "Linaloniuma ni kuambiwa sina imani. Mume wangu nilimzika kwa imani, na watoto nimewasomesha kwa imani. Leo mtu asiyenijua ananiambia sina."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Makala hii haikusudii kugombana na dini ya mtu yeyote. Wakristo ni wengi katika visiwa vyetu, na mwandishi ni mmoja wao. Kutoa sadaka ni ada ya kale na njema. Sadaka ndizo zilizojenga makanisa, shule na zahanati nyingi ambazo wazee wetu walizitumia. Lakini yapo mahubiri ya siku hizi yanayoigeuza sadaka kuwa tikiti ya bahati nasibu, na kuligeuza neno la faraja kuwa mzigo juu ya mabega ya mnyonge. Mahubiri hayo yametoka mijini yakafika mialoni, na matokeo yake hayaishii kanisani. Yanagusa mtaji wa mvuvi, sare ya mwanafunzi, dawa ya mgonjwa, na hata namna mwananchi anavyomtazama kiongozi wake. Kwa sababu hiyo yastahili kujadiliwa hadharani, na waumini na watumishi wa Serikali pia.

Yalikotoka

Mafundisho haya hayakuletwa na wamisionari wa kwanza waliovuka ziwa hili. Chimbuko lake ni Marekani. Mwaka 1952 mchungaji Norman Vincent Peale wa New York alitoa kitabu juu ya nguvu ya kufikiri mazuri, nacho kikauzwa kwa mamilioni ya nakala. Kiini cha fundisho lake kilikuwa kwamba mtu akiusadikisha moyo wake kuwa atafanikiwa, mafanikio yatamjia. Ujumbe huo uliwapendeza sana wenye maduka na watumishi wa maofisi, kwani ulimliwaza mtu bila kumdai toba, na haukumwuliza tajiri amewalipaje vibarua wake. Baadaye mhubiri Oral Roberts wa Oklahoma akaeneza fundisho la mbegu: kwamba sadaka ni mbegu, na mwenye kuipanda ana haki ya kutazamia mavuno ya fedha na afya. Redio na televisheni zikayabeba maneno hayo hadi sebuleni mwa watu.

Mti hujulikana kwa matunda yake; basi na tuyatazame yaliyowapata mabingwa wenyewe wa mafundisho haya. Mwaka 1987 Roberts aliwatangazia watazamaji wake kwamba zisipopatikana dola 8,000,000 kwa muda aliowawekea, Mungu angemwita kwake. Mwaka huo huo mhubiri mwingine wa televisheni, Jim Bakker, alianguka. Huyu alikuwa amewaahidi wafuasi wake kwamba kila atakayechanga dola 1,000 atakuwa na haki ya kulala siku chache kila mwaka katika hoteli ya kituo chake huko South Carolina. Haki zilizouzwa zilizidi mno vyumba vilivyokuwapo, na sehemu ya fedha iliishia katika anasa za mhubiri mwenyewe. Mwaka 1989 mahakama ilimtia hatiani kwa udanganyifu, ikampa kifungo cha miaka 45 ambacho baadaye kilipunguzwa. Huko gerezani aliisoma Biblia upya kwa makini, na mwaka 1996 akatoa kitabu akikiri kwamba alichokuwa akikifundisha juu ya utajiri kilikuwa kosa.

Robert Schuller, aliyeifuata njia ya Peale, alijenga huko California kanisa la vioo zaidi ya 10,000, likazinduliwa mwaka 1980 na kustaajabiwa na ulimwengu. Mwaka 2010 huduma hiyo ilikwenda mahakamani kutangaza kwamba imefilisika, na jengo likanunuliwa na Kanisa Katoliki. Mwaka 2019 Benny Hinn, aliyehubiri mafanikio kwa miaka mingi katika mabara mbalimbali, alitamka hadharani kwamba Injili haiuzwi, na kwamba kumwekea mtu bei ya dola 1,000 ili abarikiwe ni kumkosea Roho Mtakatifu.

Hatusemi kwamba biashara hiyo imekwisha huko kwao. Mjini Houston, katika jimbo la Texas, kanisa la Joel Osteen limekuwa likikusanyika tangu mwaka 2005 katika jengo lililokuwa uwanja wa mpira wa kikapu, na maelfu kwa maelfu huenda kumsikiliza akiwaahidi maisha mema. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba sisi huku twaivaa kwa shangwe nguo ambayo baadhi ya washonaji wake wameivua kwa aibu.

Yalivyofika kwetu

Ni rahisi kuwacheka waumini na kusema ni wajinga. Jibu hilo ni la mtu mvivu. Mafundisho hayashiki mizizi mahali pasipo na udongo wake.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha haiwi msingi wa maendeleo, na kwamba msingi huo ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Hatukuyatimiza yote tuliyoahidiana. Miaka ya 1980 ilikuja na upungufu wa sabuni, sukari, nguo na mafuta ya taa, na mwaka 1986 nchi yetu ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya masharti ya kurekebisha uchumi. Mwaka 1993 ulianza utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Mwaka 1994 zikaanza televisheni za watu binafsi, na pamoja nazo zikaja sura za wahubiri wenye suti nzuri kutoka Marekani na Afrika Magharibi.

Mtu aliyekuwa ameambiwa kwa miaka ishirini kwamba maendeleo yataletwa na kijiji kizima, sasa aliambiwa kila mtu na lwake. Alitazama kulia na kushoto, akaona jirani yake amejenga nyumba ya bati na yeye bado yu katika nyasi, wala hakuelewa siri ya jambo hilo. Ndipo akatokea mhubiri akamwambia kwamba siri anayo yeye. Nani asingemsikiliza?

Afrika nayo imekuwa na watu waliong'amua mapema. Mwaka 2008 na tena mwaka 2009, wanateolojia wa Afrika wa mkondo wa kiinjili, walio chini ya harakati ya Lausanne, walikutana Akropong nchini Ghana kuyachunguza mahubiri ya utajiri. Walikubali kwamba Mungu anaweza kumbariki mtu, na kwamba umaskini si utakatifu. Lakini walilikataa fundisho kwamba mali ni kipimo cha imani. Hao hawakuwa maadui wa Kanisa. Walikuwa watoto wake.

Kumlaumu aliyeumia

Kosa la kwanza la mahubiri haya ni kwamba humfanya aliyeumia kuwa mkosaji. Ikiwa mwenye imani hutajirika na kupona, basi aliye maskini na mgonjwa amethibitika kuwa hana imani. Mhubiri hashindwi kamwe katika hesabu hiyo. Ukipata, ni kwa sababu ya maombi yake. Ukikosa, ni kwa sababu ya shaka yako.

Sisi wa visiwani tunayo sababu ya kulikataa fundisho hilo ambayo haihitaji elimu ya teolojia. Tarehe 20 Septemba, 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, hatua chache kabla ya kufika. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba abiria 101. Watu 228 walipoteza maisha. Walikuwamo wafanyabiashara waliokuwa wakienda na kurudi sokoni, wazee, akina mama na watoto wao. Walikuwamo waliokuwa wakitoa zaka bila kukosa na wasiowahi kutoa hata senti moja. Nani atasimama mbele ya makaburi ya Bwisya aseme kwamba waliolala pale walipungukiwa imani, na kwamba waliookolewa walikuwa wamepanda mbegu?

Yesu mwenyewe aliulizwa swali la namna hiyo. Katika Injili ya Luka, mlango wa 13, ilikuwapo habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukawaua watu 18. Alikanusha waziwazi kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Mhubiri wa utajiri hupenda sana kusoma Malaki mlango wa 3, juu ya zaka na madirisha ya mbinguni. Ni nadra kumsikia akiusoma mlango huo wa Luka, au kitabu cha Ayubu hadi mwisho, ambamo rafiki waliomlaumu mgonjwa ndio waliokemewa na Mungu.

Tunaye shahidi mwingine, naye ni wa kwetu. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari, akafanya kazi ya misheni huko Kagunguli. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe kitabu chake kikubwa juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, habari ya mume na mke waliokosa mtoto wakakataa kuachana. Yeye mwenyewe aliyajua machungu hayo, kwa maana yeye na mkewe hawakubakiwa na mtoto; naye, kwa ajili ya imani yake, hakuoa mke mwingine. Kitabu kilikaa miaka 35 bila kuchapishwa. Alikitafsiri kwa mkono wake kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980 huko Dar es Salaam, naye akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Uzee wake ulikuwa wa ufukara na maradhi.

Kwa kipimo cha mahubiri ya siku hizi, Kitereza alikuwa mtu aliyeshindwa: hakuwa na mali, hakuwa na mtoto, hakuwa na afya. Kwa kipimo cha visiwa hivi, ni mmoja wa watu wakubwa tuliopata kuwa nao. Kipimo kimojawapo ni kibovu, na si kile cha visiwani.

Kukinyamazia chanzo

Kosa la pili ni kubwa zaidi kwa watumishi wa Serikali wasomao gazeti hili. Mahubiri ya utajiri hulifunika swali la kwa nini mtu ni maskini.

Mwanikaji wa dagaa hupata bei ndogo kwa sababu zinazojulikana. Hana chanja, hana ghala, mvua ikinyesha siku ya kuanika, mzigo wake huoza na kuwa chakula cha kuku. Hana dhamana ya kupelekea benki. Akikosa chombo cha kuvukia kwa wakati, magunia yake hufika sokoni siku ya bei mbaya. Mvuvi wa sangara naye huuza samaki kwa bei isiyopangwa mwaloni, kwani minofu hiyo husafirishwa kwenda nchi za nje, na kila mkono uliomo njiani huchukua fungu lake. Kijana avuaye katika mtumbwi wa mwingine humwita mwenye chombo "tajiri", na hesabu za mafuta, taa na chakula zikiisha kukatwa, mara nyingi hurudi nyumbani na kidogo sana.

Mambo hayo yote yana majina, na yana ofisi zinazohusika nayo. Yapo ya Halmashauri, yapo ya idara ya uvuvi, yapo ya ushirika, na yapo ya vikundi vya mwaloni vyenyewe. Mhubiri anapokuja akasema kwamba chanzo ni pepo wa umaskini anayefuata ukoo, maswali yote hayo hulala usingizi. Mwananchi huacha kumwuliza diwani habari ya ghala. Hujiuliza ni babu yake yupi aliyeweka agano na mashetani. Kiongozi mzembe hupata faida kubwa kwa fundisho hilo, wala hakulilipia.

Oktoba 1970, Mwalimu Nyerere aliwahutubia masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia, kwa ufupi, kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafunga watu katika umaskini, litakuwa kitu kisicho na maana kwa watu hao, na dini itaonekana kuwa jambo la ushirikina linalokubaliwa na waoga. Mwalimu alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, na alisema hayo kwa uchungu wa mwana wa nyumba. Leo maneno yake yatugeukie sisi. Kanisa lisilouliza habari za bei, nyavu na vivuko, likabaki kuahidi magari, limeyakimbia mapambano hayo kwa mlango wa nyuma.

Kosa likizaa maafa

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya fedha tu, na fedha hutafutwa. Na wakumbuke Moshi. Tarehe 1 Februari, 2020, jioni, katika uwanja wa Majengo mjini humo, umati wa waumini ulikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako, kwa matumaini ya uponyaji na ya kufunguliwa kimaisha. Watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wakiwamo watoto. Hawakwenda pale kwa upumbavu. Walikwenda kwa shida zao: huyu alikuwa na ugonjwa, yule alikuwa na deni, mwingine alikuwa na mtoto asiye na kazi. Walikuwa wameaminishwa kwamba dawa ya mambo hayo imemwagwa mahali pamoja, na kwamba atakayechelewa ataikosa. Watu wakiaminishwa hivyo, mlango wowote huwa mwembamba.

Haki kwa pande zote

Tusiwe na dhuluma katika kukosoa. Katika makanisa haya mapya wamo watu wema. Yapo mialo ambayo vijana walikuwa wakimaliza malipo yao yote katika pombe usiku mmoja, wakaokoka, wakaanza kujenga. Wapo wajane waliopata huko watu wa kuwaita dada. Mtu anayedharauliwa juma zima na kila mwenye fedha huambiwa Jumapili kwamba yeye ni mwana wa Mfalme. Neno hilo lina nguvu, na si vyema kulibeza.

Makanisa ya zamani nayo yajihoji. Mara ngapi muumini maskini amekwenda kwa kiongozi wake na shida, akapewa kitabu cha michango atazame madeni yake? Mara ngapi mgonjwa amelala miezi bila kutembelewa, mpaka akatembelewa na mhubiri wa kambini? Mwenye nyumba asiyewasha taa asilalamike wageni wake wakifuata mwanga wa jirani.

Kwa hiyo hatushitaki imani wala matumaini. Tunashitaki bei iliyobandikwa juu yake.

Yapasayo kutendwa

Nini kifanyike? Kwanza, wanaokusanya fedha watoe hesabu. Watu wa Kanda ya Ziwa si wageni wa kuchanga senti. Walianza vyama vya wakulima wa pamba, na mwaka 1955 wakaunda shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, lililokuwa miongoni mwa makubwa barani Afrika. Mkulima alipeleka pamba, ikapimwa, akapewa risiti, na katika mkutano alikuwa na haki ya kuuliza. Wezi walikuwapo, hilo halifichiki. Ndiyo maana mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza ushirika. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba mkaguzi wa hesabu ni adui wa pamba. Kwa nini leo mwenye kuuliza hesabu ya sadaka aitwe adui wa Mungu? Katika Matendo ya Mitume, palipozuka manung'uniko juu ya mgawo wa wajane, mitume hawakuwakemea walalamikaji. Waliteua watu saba wenye sifa njema wasimamie jambo hilo.

Pili, Serikali ijue mipaka yake na wajibu wake. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kuabudu na kueneza dini, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ni kinga njema. Mtawala akianza kuamua mahubiri yapi ni ya kweli, kesho atayafunga yale yanayomkosoa yeye. Lakini kinga hiyo haikuvifuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu juu ya kujipatia fedha kwa udanganyifu. Mtu anayeahidi kwa siku na tarehe kwamba shilingi 100,000 itazaa shilingi 10,000,000, akaipokea na kutoweka, ahojiwe kama angehojiwa muuza madini bandia. Jumuiya husajiliwa kisheria na huwa na katiba zao. Wahusika wahakikishe kwamba karatasi hizo hazikai kabatini tu. Na mikutano ya umati mkubwa ipewe kibali baada ya kukagua milango, taa na njia za kutokea.

Tatu, viongozi wetu waache kukaa viti vya mbele katika mikutano ya namna hii na kutoa bahasha mbele ya kamera. Mvuvi akimwona mkubwa wa wilaya ameketi karibu na mhubiri, hudhani kwamba Serikali imethibitisha yasemwayo. Zawadi kubwa ya kiongozi kwa waumini ni ghala la dagaa, barabara ya kufika mwaloni, na kivuko kisichojazwa kupita kiasi.

Nne, sisi waumini tujizoeze kuuliza. Je, mhubiri huyu angebaki nasi kama tusingekuwa na fedha? Je, anapoisifu senti mbili za mjane katika Luka mlango wa 21, huwa amesoma pia aya za mwisho za mlango uliotangulia, ambamo Bwana anawaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane? Mtume Paulo, aliyekuwa na haki ya kutunzwa, alishona mahema kwa mikono yake ili asimlemee mtu. Si kila mhubiri atashona mahema, lakini kila mmoja aweza kuonyesha daftari.

Neno la mwisho

Baada ya maafa ya MV Nyerere, wananchi kutoka pande zote za nchi walichanga rambirambi. Hakuna aliyeahidiwa gari wala nyumba. Sehemu ya fedha hizo ilielekezwa kukiendeleza Kituo cha Afya cha Bwisya, yakajengwa majengo ambayo kila mpita njia ayaona. Mwanamke wa Ukara ajifunguapo pale hahitaji kuulizwa kiasi cha imani yake. Hiyo nayo ilikuwa sadaka, nayo imezaa. Imewazalia wengine, kama sadaka ipasavyo.

Yule mama wa dagaa nilimwacha akitandika dagaa wake mchangani, kwani hana chanja bado. Nilimwuliza kama ameacha kwenda kanisani. Alicheka kidogo. "Kanisani nakwenda, baba," alisema. "Natoa nilicho nacho, kisha narudi kazini. Mungu ananijua. Sikuwahi kumkopesha."

Laiti wahubiri wetu wangejifunza teolojia kwake. Na laiti ofisi zinazohusika zingemjengea, yeye na wenzake, chanja.